Mchezaji Wako Ana Swali: Hotuba kwa Makocha wa Mitaa Kabla ya Ligi Kuanza

Haya ndiyo niliyosema tulipokutana Jumamosi hapa Eastlands, Nairobi, makocha, wachezaji na wazazi, wiki moja kabla ya mechi ya ufunguzi. Waliokuwa kazini waliomba maneno yote yaandikwe, na nimeyaandika kama yalivyotoka.

Makocha wenzangu, mameneja wa timu, wazazi wetu, wazee wa mtaa, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma karibu na mlango: hamjambo? Vijana, sogeeni mbele, viti vipo. Leo tunawazungumzia nyinyi, na si vizuri mtu azungumziwe akiwa mlangoni.

Jumapili ijayo ligi inaanza. Nataka niwaulize makocha swali moja. Mechi ya kwanza ina pointi ngapi? Tatu. Mechi ya mwisho ina pointi ngapi? Tatu. Basi mbona usiku wa kuamkia mechi ya kwanza hakuna kocha anayelala? Mbona simu zinalia hadi saa saba za usiku, huyu anauliza kikosi, yule anauliza jezi ziko wapi?

Mimi nina jibu langu, na ndilo lililonileta hapa. Tangu mazoezi yaanze, kila mchezaji wako amebeba swali moyoni, na hatakuuliza hata siku moja. Anajiuliza: huyu kocha, anayosema ni ya kweli? Umemwambia atakayefanya kazi atacheza. Umemwambia timu hii ni familia. Umemwambia akikosea hutamtupa. Amekusikiliza, ametikisa kichwa, ameendelea kukimbia. Lakini bado hajakuamini, kwa sababu maneno ya mazoezini hayana gharama. Jibu lake atalipata siku ya mechi ya kwanza, mchana kweupe, mbele ya mama yake na mbele ya mtaa mzima.

Kwa hiyo nikisema tujiandae kwa mechi ya kwanza, sisemi mbinu peke yake. Nasema tujiandae kutimiza tuliyoyasema.

Tuanze na kikosi, maana hapo ndipo wengi wanapoanguka.

Kuna timu moja ya mitaa hii, sitaitaja, ambayo kocha wake aliwaambia vijana siku ya kwanza kabisa: asiyekuja mazoezini hachezi, hata awe nani. Maneno mazuri. Walikuwa na beki wa kulia aliyekuwa akifanya kazi ya mjengo kule Industrial Area. Kijana huyo alikuwa anafika mazoezini na vumbi la saruji bado limo kwenye nyusi. Hakuwa na kipaji cha kushangaza mtu, lakini alikuwa anafika. Baridi ya Julai mnaijua, hata mbwa hataki kutoka nje, yeye alikuwa anafika.

Jumamosi jioni, saa chache kabla ya mechi ya ufunguzi, akatokea mchezaji aliyewahi kusajiliwa na timu ya ligi kuu. Jina kubwa, njumu mpya, marafiki wengi. Jumapili jezi namba mbili akapewa mgeni. Yule wa mjengo hakusema neno. Alizivua njumu zake, akazifunga kamba pamoja, akazitundika shingoni, akaketi kwenye benchi.

Mnajua matokeo? Walishinda. Tena walishinda vizuri, mashabiki wakacheza ngoma mpaka barabarani. Kocha akasifiwa. Lakini Jumanne mazoezi yalipoitwa saa kumi, saa kumi na nusu walikuwepo wachezaji sita. Wale wengine hawakugoma, la. Walikuwa tu wamepata jibu la swali lao. Kama jezi inapewa anayekuja Jumamosi, ya nini kuja Jumanne? Kufika katikati ya msimu mgeni alikuwa amehamia timu nyingine, na beki wa mjengo alikuwa ameacha mpira.

Makocha, sisemi msisajili wachezaji wazuri. Sajilini. Lakini aliyekuja Jumamosi aketi, aone, aingie dakika ya sabini kama anahitajika, na wiki inayofuata ashindanie namba mazoezini kama wenzake. Mchezaji mwenye akili atakuheshimu kwa hilo. Asiyekuheshimu kwa hilo atakusumbua hata akicheza.

Na kuna hili la WhatsApp. Tafadhalini, tafadhalini sana. Kijana aliyetoka jasho tangu Juni asijue kwamba hachezi kwa kusoma orodha kwenye simu akiwa ndani ya matatu, amebanwa kati ya watu wasiomjua. Ijumaa baada ya mazoezi mepesi, mwite pembeni. Mwangalie usoni. Mwambie: Jumapili hutaanza, sababu ni hii, na ukitaka kuanza fanyia kazi hili na hili. Dakika tatu zinatosha. Ataumia, ndiyo. Atarudi nyumbani amenuna. Lakini Jumanne atakuja, kwa sababu umemwonyesha kwamba unamwona.

Sasa mazoezi ya wiki ya mwisho. Hapa nitasema jambo ambalo baadhi yenu hawatalipenda: wiki ya mwisho si ya kuongeza, ni ya kupunguza. Kocha mwenye hofu huongeza. Anaona siku zimebaki chache, anakumbuka kona hajafundisha vizuri, anabadilisha mfumo, anawakimbiza vijana mlimani Alhamisi ili wawe na pumzi Jumapili. Pumzi ya Jumapili haipatikani Alhamisi. Ilipatikana Julai, au haikupatikana. Mazoezi mazito yaishe Jumatano. Alhamisi fanyeni mipira ya kutenga na kupangana, Ijumaa nusu saa nyepesi, kisha vijana waende nyumbani.

Mnakumbuka tarehe 3 Agosti 2025? Nani alikuwa uwanjani Kasarani? Naona mikono. Harambee Stars, timu yetu ya taifa, walikuwa wanacheza CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za nyumbani, kwa mara ya kwanza katika historia yao, na mechi ya kwanza kabisa ni dhidi ya Kongo ya Kinshasa, timu iliyokuwa imebeba kombe hilo mara mbili, mwaka 2009 na mwaka 2016. Kocha Benni McCarthy alikuwa amepewa timu mwezi Machi tu mwaka huo. Nchi nzima inasubiri, na wengi wetu, tuseme ukweli, tulikuwa tunasubiri kuvunjwa moyo kama tulivyozoea. Stars wakashinda moja bila, bao la Austin Odhiambo kabla tu ya mapumziko.

Watu walizungumza juu ya lile bao wiki nzima. Mimi nawaomba mkumbuke kipindi cha pili. Wakongo wanashambulia, na vijana wetu wanasogea pamoja, mmoja akitoka mwenzake anaziba. Hakuna aliyekuwa anabuni jambo jipya. Wiki moja baadaye walicheza na Moroko, wakabaki kumi uwanjani kipindi chote cha pili, na bado wakashinda moja bila. Moroko hiyohiyo ndiyo iliyobeba kombe mwisho wa mwezi. Je, mpangilio kama ule mtu anaufundisha kwenye chumba cha kubadilishia nguo, dakika kumi kabla ya mechi? Hapana. Wachezaji walifanya walichokuwa wamekifanya mazoezini, na walikifanya kwa sababu waliamini kocha hatawageuzia maneno siku ya mechi.

Kwa hiyo kama tangu Juni umefundisha mabeki wanne, Jumapili cheza na mabeki wanne. Usije ukasikia wapinzani wana washambuliaji wawili hatari ukaamka na mabeki watano.

Mambo mawili ya kiufundi niyapitie haraka. La kwanza ni misuli. Ligi inaanza wakati wa baridi, na misuli ya nyuma ya paja ndiyo inayochanika kwanza. Ile programu ya FIFA 11+ ya kupasha mwili joto inachukua dakika ishirini hivi, haihitaji vifaa vya gharama, na tafiti zimeonyesha kwamba timu zinazoifanya kila wiki bila kuruka hupunguza majeraha. Bila kuruka, nimesema. Ukiifanya siku ya mechi tu ili wageni wakuone umesoma, haitakusaidia. Na wale wanaocheza ugenini kwenye nyasi bandia za Camp Toyoyo, kumbukeni mpira pale unakimbia kuliko kwenye udongo wetu. Fika mapema, vijana wapigiane pasi waizoee kasi yake.

La pili ni walinda lango. Tangu Julai 2025 sheria imebadilika: kipa akiushika mpira zaidi ya sekunde nane, wapinzani wanapewa kona. Refa anainua mkono na kuhesabu sekunde tano za mwisho kwa vidole ili kila mtu aone. Nimeona makipa wetu wakati wa mechi za kirafiki: anadaka, analala juu ya mpira, anainuka polepole, anafunga kamba ya kiatu. Kona hizo zitatuumiza. Zoezi lake ni jepesi: kipa akidaka mazoezini, timu nzima ihesabu kwa sauti.

Sasa nataka nikae kidogo kwenye jambo ambalo kozi za ukocha hulipitia juu juu. Mchezaji wako amekula nini?

Kwenye timu yetu kulikuwa na winga mwenye mbio ambazo mabeki walikuwa wanaziogopa. Kipindi cha kwanza hakuna wa kumshika. Ikifika dakika ya hamsini na kitu, unamwona amesimama, mikono kiunoni, kichwa chini. Mashabiki wakaanza maneno yao. Mvivu huyo. Anakesha huyo. Huyo ni pombe. Mzee mmoja akanishauri nimwongezee mazoezi ya pumzi.

Meneja wetu ni mama mmoja mtulivu, hapigi kelele uwanjani. Yeye hakuwa anautazama mpira, alikuwa anamtazama kijana. Akaona kwamba kila siku ya mechi, wenzake wakiwa wanavaa, yeye anakwenda kwenye mfereji na kunywa maji mengi, mengi kupita kiasi cha kiu. Siku moja akamfuata, wakiwa wawili tu. Akamuuliza, umekula nini leo, mwanangu? Akajibiwa: chai. Akamuuliza, na jana usiku? Kijana akanyamaza. Yeye ndiye mkubwa kwao, na unga ukiwa mdogo anawaachia wadogo zake.

Sikilizeni mama yule alifanya nini. Hakutangaza. Hakumchangisha mtu kwa jina la kijana. Alikwenda kwa mama anayeuza chakula karibu na lango la uwanja, wakakubaliana bei, kisha akatuambia wote: kuanzia sasa, siku ya mechi timu nzima inakula pamoja, saa sita kamili, bila kukosa. Timu nzima. Aliyekula kwao anakula, ambaye hajala anakula, na hakuna anayejua nani ni nani. Wazazi wakaanza kuleta, huyu viazi, huyu mchele, huyu ndizi. Yule winga alimaliza msimu akicheza dakika zote tisini.

Wazazi, nawaona mnanitazama. Ndiyo, naomba. Mechi ikiwa saa tisa, chakula kiwe kimeliwa saa sita, yaani muda wa saa tatu kabla ya mechi. Wali, viazi vitamu, ndizi, mchuzi kidogo, mafuta kidogo. Githeri ni chakula kizuri, mimi mwenyewe nimekulia githeri, lakini kiwe cha Jumamosi usiku, kwa sababu maharagwe hukaa tumboni. Na maji yanywewe kidogo kidogo tangu asubuhi.

Na nauli je? Kuna vijana wanaotembea kutoka Kariobangi mpaka uwanjani, na akifika unamwambia akimbie tena. Kocha, unajua ni nani kwenye timu yako anayetembea? Kama hujui, Jumanne waulize, mmoja mmoja. Ukimwambia kijana kwamba timu ni familia, halafu hujui kama amekula wala amefikaje, yeye anajua tayari jibu la lile swali lake.

Mameneja, yenu ni mafupi. Kadi za wachezaji, jezi za rangi mbili, kinga za muundi, sanduku la huduma ya kwanza, ambulensi. Thibitisheni ambulensi Ijumaa, kisha thibitisheni tena Jumapili asubuhi. Tumeona mechi zikikwama kwa sababu gari halikufika, na vijana wamekaa wamevaa jezi hadi giza linaingia.

Mashabiki na wazazi mtakaokuwa pembeni mwa uwanja: wanasema mcheza kwao hutunzwa. Basi watunzeni. Imbeni, pigeni vuvuzela, waiteni kwa majina. Lakini msiwape maagizo. Kocha anamwambia beki abaki, mjomba anamwambia apande, kijana wa miaka kumi na saba atamsikiliza nani? Na refa ni mtu wa watu. Mwacheni afanye kazi yake. Nahodha peke yake ndiye atakayezungumza naye.

Nimebakiwa na moja, nalo ni zito. Mkifungwa je?

Maana angalau nusu yenu mliomo humu mtafungwa au mtatoka sare. Hilo si laana, ni hesabu. Na nasema hivi: mechi ya kwanza mkipoteza, kazi yako kubwa ya msimu inaanza wakati firimbi ya mwisho inapolia.

Nawapa timu tatu. Ufaransa, mwaka 2002, mabingwa wa dunia, walifungwa na Senegali moja bila kwenye mechi ya ufunguzi wa Kombe la Dunia. Bao la Papa Bouba Diop, wengi hapa mnalikumbuka, na ile ngoma waliyoicheza wakiizunguka jezi. Ufaransa hawakuinuka. Walirudi kwao bila kufunga hata bao moja. Hispania, mwaka 2010 kule Durban, walifungwa na Uswisi moja bila. Walitoka na kombe. Argentina, mwaka 2022, walifika Qatar wakiwa hawajafungwa katika mechi 36, wakafungwa na Saudi Arabia mbili kwa moja. Walitoka na kombe.

Kichapo kilikuwa kimoja. Ni nini kilichofuata?

Vicente del Bosque wa Hispania alikuwa anachezesha viungo wawili wa kukaba, Busquets na Xabi Alonso. Baada ya kufungwa, wakosoaji nyumbani wakasema hao wawili ni wengi mno, mtoe mmoja. Hakumtoa. Aliwachezesha pamoja hadi fainali. Lionel Scaloni wa Argentina alifanya kinyume. Mechi ya pili, dhidi ya Meksiko, alibadilisha wachezaji watano kwenye kikosi kilichoanza. Akamwingiza kijana anayeitwa Enzo Fernández kutoka benchi, kijana akafunga, na mechi iliyofuata akaanza. Mwisho wa mashindano ndiye aliyepewa tuzo ya mchezaji bora chipukizi.

Mmoja hakubadilisha, mwingine alibadilisha watano, na wote wawili wakawa mabingwa. Kwa hiyo msiniulize kama mkifungwa mbadilishe au msibadilishe. Niulizeni kama mnafanya hivyo kwa kuona au kwa hofu. Del Bosque aliona timu yake ilitawala mchezo ikakosa bao tu. Scaloni aliona kuna waliochoka na kuna wenye njaa waliokuwa benchi. Kocha mwenye hofu haoni kitu. Anatafuta wa kulaumiwa, na kwa kawaida humpata kipa.

Kwa hiyo Jumapili, mkifungwa, waketisheni vijana chini ya mti. Wanywe maji kwanza. Usizungumze ukiwa bado unapumua kwa nguvu. Usitaje kosa la mtu mmoja mbele ya wenzake. Yule aliyekosa penalti anajua kwamba aliikosa, na barabara yote ya kurudi nyumbani watu watamkumbusha. Wewe mwambie mazoezi ni Jumanne saa kumi, na kwamba unamtarajia. Kisha tembea naye mpaka stendi.

Basi. Kabla ya maswali, nina ombi moja la haraka. Kuna vijana wanane kutoka timu mbalimbali humu ambao hadi leo hawana njumu, namba 40 hadi 43. Mwenye jozi anayoiweka tu nyumbani, hata kama imechanika pembeni, ailete kwa meneja wetu hapa mbele kabla ya Ijumaa. Fundi wa viatu wa pale kituoni ameahidi kuzishona bure. Hatutauliza zimetoka kwa nani, wala hatutatangaza zimekwenda kwa nani.

Haya, maswali. Kocha wa timu ya wasichana, pale dirishani, nimekuona umeinua mkono tangu nilipotaja WhatsApp. Karibu, tuanze na wewe.